Jumanne: Mvuke Badala ya Moshi

Soma 1 Wakorintho 6:12, 19, 20 na Yohana 8:34–36. Paulo anakataa kutawaliwa na nini?

Tuseme mkulima wa korosho huko Newala ameacha sigara baada ya miaka ishirini. Mwanawe aliyeko Masasi alimletea sigara ya kielektroniki. Sasa anaomba ubatizo, na kifaa kimo mfukoni. Wazee wa kanisa wamjibu nini?

Ukweli usemwe. Mvuke hauna lami ya tumbaku iliyochomwa. Mwaka 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa hivyo ili waache sigara. Lakini mara nyingi mna nikotini ndani yake, na nikotini ndiyo kamba yenyewe. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba vinawanasa vijana. Mtumwa aliyebadilishiwa bwana bado ni mtumwa.

Hata hivyo, ndugu huyu asidharauliwe. Amekwisha kuanza safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Waadventista wawili, daktari McFarland na mchungaji Folkenberg, walianzisha Mpango wa Siku Tano. Wavutaji walikutana jioni tano mfululizo, wakafundishwa kunywa maji mengi, kuvuta pumzi ndefu na kumtegemea Mungu. Wazee nao wapange naye siku ya kukiweka kifaa chini, kisha wamtembelee kila jioni.

Swali la kujadili: Je, darasa lenu humwambia mvutaji “acha” tu, au humsindikiza?