Ghala Lenye Chumba cha Tobia

Soma Nehemia 13:4–13, Malaki 2:7–9, Marko 12:38–44.

Kuna mshiriki ambaye bahasha yake ya zaka hukaa ndani ya Biblia Sabato baada ya Sabato. Si bahili, mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kupeleka uji. Anasema tu kwamba hatarudisha zaka mpaka taarifa ya fedha isomwe mbele ya kanisa. Je, mtu huyu anamwibia Mungu, au anazuia Mungu asiibiwe?

Malaki 3 peke yake haitoshi kumjibu, ingawa mara nyingi husomwa kana kwamba kitabu kinaanzia pale. Sura mbili zinazotangulia zinawakemea makuhani: wameleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema, wamewakwaza wengi katika sheria. Mungu anayataja hayo yote kabla ya kusema neno juu ya zaka, na bado anawaita watu waipeleke ghalani.

Nehemia aliyaona mambo hayo kwa macho. Aliporudi Yerusalemu kutoka kwa mfalme Artashasta, alikuta kuhani Eliashibu amempa Tobia, yule aliyepinga ujenzi wa ukuta, chumba kikubwa hekaluni. Ndicho chumba ambacho zamani zaka za nafaka, divai na mafuta ziliwekwa humo! Angalia utaratibu wa matendo yake. Kwanza alivitupa nje vyombo vya Tobia na kuamuru vyumba vitakaswe. Alipojua kwamba Walawi na waimbaji wamekimbilia mashambani kwa kukosa sehemu zao, aliwagombeza wakuu. Ndipo Yuda wote wakaleta zaka, naye akaweka watunza hazina: kuhani, mwandishi na Mlawi, pamoja na msaidizi wao, watu waliohesabiwa kuwa waaminifu. Hazina haikuachwa tena mkononi mwa mtu mmoja.

Walawi nao walidaiwa. Hesabu 18:26 inawataka watoe zaka ya zaka. Paulo, alipokuwa akichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwatuma ndugu wengine pamoja na Tito ili asije akalaumiwa na mtu (2 Wakorintho 8:18–21). Kwake, kuulizwa habari za fedha hakukuwa tusi.

Basi mshiriki yule ana haki ya kuuliza, tena kwa sauti. Kuizuia bahasha ni jambo lingine. Marabi wa Kiyahudi waliweka katika Mishna sehemu nzima iitwayo Demai, juu ya mazao ambayo mnunuzi hakuwa na hakika kama zaka yake ilikuwa imetolewa. Mtu mwangalifu aliitenga mwenyewe. Mashaka juu ya uaminifu wa mwingine yalimwongezea wajibu.

Naye Yesu alikuwa ametoka tu kuwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane, mara akamwona mjane akitia senti zake mbili katika hazina. Hakumzuia. Wala hakulifuta onyo lake. (Siku ya changizo, kwa kawaida makanisa huanzia kwenye senti mbili, na ule mstari wa 40 hausomwi.)

Kwa mjadala: Nehemia angeingia katika kanisa lenu Sabato hii, angeanza na nani, mwenye bahasha au mwenye ufunguo wa chumba? Kwa nini?