Jina Lililoandikwa kwenye Lebo

Mwanzoni mwa Machi 2018, Wakenya walipata habari iliyowakata maini. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mtu alipasuliwa kichwa bila kuwa na haja ya kupasuliwa. Wagonjwa walikuwa wawili: mmoja ana damu iliyoganda ubongoni, mwenzake ana uvimbe tu, wa kutibiwa bila kisu. Aliyefikishwa mezani ni huyu wa pili. Saa zikapita, damu ikatafutwa, isionekane.

Wakasimamishwa kazi wanne: daktari mpasuaji, muuguzi wa wodini, muuguzi wa kupokea wagonjwa wa upasuaji na mtaalamu wa nusukaputi. Madaktari wenzake wakamtetea mpasuaji: mgonjwa, walisema, aliletwa akiwa na lebo ya mwingine.

Lebo hiyo haijanitoka akilini. Ni kitu kidogo, lakini mgonjwa akishakuwa hoi hawezi kujisemea. Jina lile ndilo mdomo wake. Lilipita mikononi mwa wangapi kabla ya kisu? Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, inataka jambo hilihili lihakikishwe kabla ya nusukaputi: huyu ni nani, anafanyiwa nini, wapi.

Hapo ndipo sheria zetu zinaponitia mashaka. Daktari hujibu mashtaka mbele ya baraza la madaktari, chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya. Muuguzi ana baraza lake, chini ya Sura ya 257. Makosa ya usiku mmoja yanakatwa vipande, na kila baraza linafungua rejista yake: huyu aonywe, asimamishiwe leseni, au jina lake lifutwe? Rufaa ipo, Mahakama Kuu, na ninashukuru ipo, kwa kuwa jina la daktari ni jasho la miaka mingi.

Lakini baraza la madaktari ndilo pia linalosajili na kukagua vituo vya afya. Basi lina uwezo wa kuiita wodi nzima. Ningependa lebo yenyewe iwekwe mezani kwanza, kabla ya rejista. Nani aliiandika? Usiku ule alikuwa na wagonjwa wangapi? Nani aliisoma, na nani alipita bila kuisoma?

Ndugu wa mgonjwa, wakiwa bado kwenye benchi la nje, huuliza neno moja kabla ya kutaka jina la mtu yeyote: ilikuwaje?