Sekai Alipokimbia na Mwanawe

Msikilizaji, kumekucha Bugwema, mkoani Mara. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anashika njia ya shule, na kwenye begi kuna riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania wameisoma katika somo la Kiingereza.

Katika riwaya hiyo, Sekai, baada ya miaka mingi ya kutopata mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto huyo asiishi. Usiku mama anambeba na kutoroka. Anapoteza mume, nyumba na kijiji kwa mpigo mmoja.

Mtahini atauliza maudhui na wahusika. Lakini msomaji wa Mara hawezi kuishia hapo. Riwaya inasimulia Zimbabwe ya zamani, ilhali kuanzia mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kuna akina mama waliokesha wakilinda milango. Hao hawakutungwa na mwandishi yeyote.

Ndiyo maana kijana anayemlilia Sekai hapotezi muda wa masomo. Anajifunza kuuona msiba upande wa aliyedhulumiwa, jambo ambalo takwimu peke yake hazifundishi.

Mauaji hayo yalipokuwa yakiendelea, mwaka 2008, Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge. Mzazi unayetusikiliza, jioni ya leo mwombe mwanao akusimulie habari za Sekai, kisha mzungumze.