Je, Dhiki Hufunza Huruma?

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hebu leo tuugeuze msemo huo, ndugu msomaji. Aliyeonja njaa je, humjua mwenye njaa mwenzake? Na akishamjua, atamhurumia?

Nachukua mfano wa mbali kidogo, wa George McGovern wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1922, mtoto wa mchungaji, akakulia jimbo la South Dakota. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 1929, wakulima wa huko walipigwa mara mbili: bei za mazao zilishuka, kisha ukame ukaleta tufani za vumbi. McGovern alikuwa bado mtoto alipomwona mkulima mmoja, rafiki wa baba yake, ameketi analia. Mtu mzima analia! Kisa? Pesa ya nguruwe wake yote imeishia kwenye gharama ya kuwapeleka sokoni.

Vita vilipokuja, kijana huyo akawa rubani. Akiwa na miaka 22 tu alikuwa Italia, anaendesha ndege ya mabomu aina ya B-24. Alifanya safari 35. Watoto wengi wa dhiki ile walikwenda kurusha ndege vitani, na Hitler alistahili kuzuiwa. Hilo sibishi hata kidogo.

Lakini siku moja ya Machi 1945 bomu lilikwama ndani ya ndege yake. Utatuaje na bomu linaning'inia? Wenzake wakahangaika nalo mpaka likachomoka, likaangukia nyumba ya mkulima huko Austria. McGovern akatazama saa: saa sita mchana. Mwingine angeona saa tu. Yeye aliwajua wakulima. Alijua saa hiyo watu wametoka shamba, wako mezani wanakula. Aliporudi kambini akapokea habari kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike.

Miaka 40 alitembea na mzigo huo moyoni. Mwaka 1985 alikisimulia kisa hicho kwenye televisheni ya Austria, na mkulima mwenyewe akapiga simu. Kumbe aliiona ndege inakuja, akamkimbiza mkewe na binti zake watatu wakajificha mtaroni. Hakuna aliyeumia.

Basi jibu ni lipi? Dhiki haikumzuia McGovern kubeba mabomu. Na wala tusidanganyane, wapo walioonja njaa wakageuka wakatili kuliko simba. Ila kwake yeye dhiki iliacha kitu: kutoka angani, ambako nyumba ni ndogo kama kibiriti, aliiona meza iliyokuwa ndani. Angeweza kusema, "Si mimi, ni vita," akalala usingizi wake. Hakusema. Kwangu mimi, huruma inaanzia hapo.

Yeye alipigiwa simu. Je, marubani wangapi hawakupigiwa, kwa kuwa hakubaki mtu wa kupiga?