Hukumu ya Maziwa Yaliyomo Kikombeni

Huulizwa: maziwa ya mama yakisha kukamuliwa na kuwekwa, je, yangali na hukumu ya ziwa? Jua, ewe msomaji, kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii (Mwenyezi Mungu amrehemu) chombo hakiondoi hukumu. Mtoto asiyetimiza miaka 2, akinyweshwa maziwa ya mwanamke mara 5 zilizo mbalimbali, huwa mwanawe wa kunyonya, wala haoani na watoto wake. Ama yakikamuliwa mara moja, kisha yakanyweshwa kwa mafungu 5, kauli yenye nguvu huyahesabu mara 1 tu.

Basi mama wa Nakapanya aendaye shamba, akamwachia bibi kikombe, amemwachia amana mbili. Ya kwanza ni uzima wa mtoto: chombo kisafishwe kwa maji ya moto, kifunikwe, kiwekwe kivulini, na maziwa yasipite muda wa saa 4, nako ni penye joto lisilozidi digrii 25. Jua la Ruvuma likizidi hapo, muda hupungua. Mwenye jokofu huyaweka siku 4.

Ya pili ni nasaba, nayo ndiyo isahauliwayo. Bibi husikia mtoto wa jirani analia, akammiminia. Huruma hiyo haikukatazwa. Lakini akinyamaza, na jambo likakariri, huenda baada ya miaka 20 posa ikapelekwa kwa ndugu, na bibi amekwisha kufa. Yampasa awaambie mama wote wawili siku ile ile, na hesabu ya mara ishikwe.