Oili ya Motokaa na Kisima cha Jirani



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria fupi ambayo wahubiri huipita upesi. Yahusu mtu achimbaye shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia humo. Sheria haiulizi kama mwenye shimo alikusudia mabaya. Shimo ni lake, basi na hasara ni yake, naye hana budi kulipa. Maneno hayo walipewa watu wenye mifugo. Lakini siku hizi washarika wengi wana motokaa, na shimo walichimbalo nyuma ya nyumba mara nyingi ni la kumwagia oili chafu. Kwa hiyo nimeona vema mwezi huu kueleza jinsi ya kubadilisha oili na filta ya gari nyumbani, tangu mwanzo hata mwisho. Kazi hii ni njema, nayo humpunguzia mtu gharama. Lakini aifanyaye nusu humwachia jirani nusu ya pili.

Kwanza yafaa kujua kwa nini oili hubadilishwa. Ndani ya injini chuma hupita juu ya chuma maelfu ya mara kila dakika. Oili huingia kati kama utando mwembamba ili visikwaruzane. Tena hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayazifikii, huzuia kutu, na huokota masizi na unga wa chuma na kuvichukua. Yaani oili ni kama maji ya kufulia: kadiri yanavyotoa uchafu katika nguo, ndivyo yenyewe yanavyochafuka. Na dawa zilizotiwa ndani yake kiwandani, za kuosha na za kushinda asidi, hupungua siku kwa siku. Wako wenye magari wasemao, "Mimi huongeza tu, wala sijaona madhara." Watu hao wafanana na mtu aongezaye kata moja ya maji safi katika beseni la nguo chafu, kisha akasema maji yametakata.

Wala tusihukumu kwa rangi peke yake. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi baada ya mwendo mfupi, nayo bado yafaa, kwa kuwa inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Mwenye kuhukumu ni kitabu cha gari. Vitabu vingi vyasema kilometa 10,000 au mwaka mmoja, lolote litangulialo, na nusu ya hapo kwa gari liendalo katika vumbi, au livutalo mizigo mizito, au lifanyalo safari fupi fupi ambazo hata injini haipati moto sawasawa. Nani kati yetu asemaye kwamba njia ya kwenda usharikani kwake haina vumbi? Basi 5,000 ndiyo hesabu ya wengi wetu. Hata gari lililolala uani oili yake huzeeka, kwa sababu ya unyevu.

Kitabu hicho hicho hutaja namna ya oili na kipimo chake. Ukiona 5W-30, herufi ya W yasimama kwa majira ya baridi katika lugha ya Kiingereza. Tarakimu iliyotangulia yaonyesha jinsi oili itiririkavyo ikiwa baridi, na ile ya mwisho yaonyesha uzito wake katika moto wa digrii 100. Herufi S katika alama za API ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Injini ndogo ya Toyota iitwayo 1NZ, ambayo imo katika magari mengi ya nchi hizi, huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Nunua katika chombo kilichofungwa kiwandani. Oili iliyomiminwa katika chupa ya maji na kuuzwa kando ya njia, wewe hujui imetoka wapi, na auzaye pengine hajui vilevile.

Sasa nataka kusimama kidogo mahali ambapo watu hufa.

Ili kufika chini ya injini, gari huinuliwa kwa jeki. Jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Mpira wake wa ndani ukipasuka, au ardhi ikibonyea, gari hushuka mara moja, wala mtu aliye chini hapati nafasi hata ya kuita. Kwa hiyo simamisha gari mahali pa sawa na pagumu, tia gia, vuta breki ya mkono, weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kisha inua, na papo hapo tia stendi za chuma chini ya fremu mahali palipoonyeshwa na kitabu. Shusha gari likae juu ya stendi, ulisukume kwa mkono uone kama latikisika. Tofali za kuchoma zisitumike, maana hupasuka bila kutoa ishara. Kama huna stendi, usiingie chini. Mpelekee fundi mwenye shimo la kazi, umlipe haki yake.

Labda msomaji atauliza, Mambo haya yana nini na gazeti la kanisa? Na afungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mahali ambapo mjenzi aamriwa kuweka ukuta mdogo juu ya dari ya nyumba, mtu asianguke akafa, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Na Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akiieleza amri ya tano, hakuishia katika kukataza kuua. Afundisha kwamba imetupasa pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Ukimtuma kijana wa jirani aingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu, ili upate shilingi elfu chache, umekwisha kuigusa amri hiyo, hata kama kijana alitoka salama.

Haya, turudi kwenye kazi. Washa injini dakika chache, kisha uizime. Oili yenye joto hutoka upesi na uchafu wake. Yenye moto mkali itakuunguza mikono. Vaa glavu. Fungua kifuniko cha juu cha kumiminia, hewa ipite. Weka beseni pana chini ya bolti ya kumwagia, iliyo chini kabisa ya bakuli la oili, ulegeze bolti kwa spana yenye kipimo chake hasa, si koleo, kisha umalizie kwa vidole. Oili haidondoki wima bali huruka mbele kidogo mwanzoni, ndipo hunyooka. Beseni na likae hivyo. Iache itoke mpaka iwe matone. Safisha bolti, badili washa yake iwe mpya, uirudishe kwa vidole kwanza, kusudi hesi zisikatane. Hapo watu wenye nguvu hukosa. Bakuli za magari mengi ya leo ni za aluminiamu, nazo hesi zake zikiliwa, gharama yake yapita mara nyingi bei ya oili.

Filta nayo ina habari yake. Magari ya kwanza hayakuwa na kitu hicho. Mwaka 1923 Ernest Sweetland wa Marekani alibuni chujio, akaliita Purolator. Ndani ya kopo kuna karatasi iliyokunjwa kunjwa, na oili hupenya humo ikiacha uchafu. Lakini humo mna pia mlango mdogo, na huu nimeufikiri mara nyingi. Karatasi ikiziba kabisa, mlango ule hufunguka, na oili chafu hupita kando bila kuchujwa. Watengenezaji walifanya hivyo kwa akili, kwa sababu injini isiyo na oili hufa mara moja, na injini yenye oili chafu hufa polepole. Basi gari laendelea kwenda. Taa haiwaki. Sauti haibadiliki. Mwenye gari adhani mambo ni mazima, na kumbe ndani hakuna tena kinachochujwa. Mwalimu wa darasa la kipaimara aweza kuitumia habari hii bila kuongeza neno.

Ifungue filta kwa mkono au kwa kishikio chake, ukijua kwamba nayo imejaa oili. Tazama ile raba ya mviringo: imetoka pamoja na filta kuukuu, au imebaki imeng'ang'ania injini? Ikibaki, na mpya ikawekwa juu yake, zile raba mbili hazitashika, na oili yote yaweza kumwagika njiani. Paka raba mpya oili safi kwa kidole. Ikaze filta kwa mkono mpaka raba iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa juu ya kopo. Usiikaze kwa chuma.

Mimina oili mpya kwa faneli, pungufu kidogo ya kipimo. Funga, washa injini, tazama taa ya oili izimike baada ya sekunde chache, na uchungulie chini kama pavuja. Zima, shusha gari mahali pa sawa, ngoja dakika tano, ndipo upime kwa kijiti. Alama iwe kati ya chini na juu. Kupita alama ya juu si ukarimu. Krenki huipiga oili ikatoka povu, na povu halilindi chuma. Andika tarehe na kilometa katika karatasi, uibandike chini ya boneti.

Kazi ya motokaa imekwisha, na beseni la oili nyeusi lipo miguuni pako. Hapo ndipo wengi humwita mtoto na kumwambia, "Kamwage kule."

Kule ni wapi? Mvua ikinyesha, kule ni mfereji, na mfereji huenda mtoni, na mtoni wanateka maji watu usiowajua. Idara ya kulinda mazingira ya Marekani, EPA, imeandika kwamba oili ya kubadilisha mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Shimo halisaidii, kwa kuwa udongo haulifungi kama chungu. Oili hushuka polepole kuelekea maji ya chini, na kisima cha jirani huyatoa maji yale yale. Wako pia waipakao nguzo ili mchwa wasile, na wengine vidonda vya mifugo. Oili iliyotumika ina chembe za chuma na sumu za kuungua, na katika majaribio panya waliopakwa oili ya namna hiyo mara kwa mara walipata kansa ya ngozi. Haifai kuwa dawa ya kiumbe chochote. Luther akiieleza amri ya saba asema imetupasa kumsaidia jirani atunze mali yake; na kwa mtu wa kijijini, ni mali gani ipitayo kisima?

Basi geuza filta kuukuu juu ya beseni usiku kucha, ichuruzike. Mimina oili yote katika dumu lenye kifuniko, bila kuichanganya na petroli, wala maji ya rejeta, wala mafuta ya breki, maana ikichanganywa haikubaliki tena kusafishwa. Ulizia gereji kubwa au kituo cha mafuta kilicho karibu kama wanapokea. Oili hiyo huweza kusafishwa upya, au kuchomwa katika matanuri makali ya viwanda vya saruji. Mahali ambapo mji uko mbali, washarika waweza kukusanya madumu pamoja, na gari la kwanza liendalo mjini liyachukue. Mzee mmoja wa kanisa atosha kuyasimamia. Kila dumu liandikwe kwa herufi kubwa OILI CHAFU, liwekwe ndani pasipofikiwa na watoto, wala lisiwe dumu lililokuwa la maji ya kunywa au la mafuta ya kula, maana dumu la namna hiyo likimwagwa hurudi jikoni.