Sitara ya Aliye Kwenye Nusukaputi

Nusukaputi humwondolea mgonjwa mambo manne kwa mpigo: fahamu, maumivu, kumbukumbu na nguvu ya misuli. Vitabu vya tiba huishia hapo. Lipo jambo la tano ambalo hakuna mashine ya kulipima, nalo ni uwezo wa kujisitiri. Mtu aliye macho hukaza kanga akisikia hodi, huvuta shuka, hugeukia ukutani, husema "subiri kwanza". Ni vitendo vidogo, vya haraka, ambavyo mwenyewe aghalabu hajui kwamba anavifanya, lakini ndivyo vinavyouweka mpaka kati ya mwili wake na macho ya watu. Dawa ikishaingia mshipani, mpaka huo hauna mlinzi kutoka ndani. Ukibaki, unabaki kwa sababu wengine wameamua ubaki.

Hofu inayozuka hapo ni tofauti na hofu ya kisu au ya kutoamka, ingawa wagonjwa huzichanganya, kwa kuwa ni rahisi zaidi kusema "naogopa kufa" kuliko kusema "naogopa kuonekana". Mwenye busha katika Mkoa wa Pwani, Tanzania, anaieleza hofu hii vizuri kuliko nadharia yoyote. Matende na mabusha, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, yameusumbua mwambao kwa vizazi. Ugawaji wa dawa kwa umma ulianzia Mafia, kisiwa cha mkoa huohuo, mwaka 2000, na upasuaji wa mabusha umekuwa ukifanywa kwa kampeni. Upasuaji wenyewe si mrefu, na mara nyingi hauhitaji hata nusukaputi; ganzi hutosha. Hata hivyo wapo wanaume wanaouficha uvimbe ndani ya msuli mpana mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kulala mbele ya muuguzi wa kike kunawatia uchungu kuliko ugonjwa. Anayewacheka hajaelewa kinachobishaniwa. Wanalinda kitu, na swali ni kitu gani.

Tuanze na yanayotokea thieta, maana hofu nyingi hukua kwa kutoyajua. Nguo huvuliwa kwa sababu zenye maana. Ngozi husafishwa kwa dawa kupita eneo litakalopasuliwa, mpira wa mkojo huwekwa, vibandiko vya kufuatilia mapigo ya moyo hukaa kifuani, na bamba la mashine ya umeme inayozuia damu hubandikwa pajani au palipo na nyama. Baada ya hapo mgonjwa hufunikwa kwa shuka safi, na kinachobaki wazi ni eneo la kazi tu. Kwa hiyo mwili huwa wazi hasa mara mbili: kati ya usingizi kushika na shuka kutandikwa, na tena shuka zinapoondolewa kabla mgonjwa hajafunikwa na kupelekwa kuamka. Ni dakika chache, lakini suala zima limo humo, kwa sababu hata mtu asipokuwa mwangalifu kuhusu sitara dakika hizo, kidonda kitapona vilevile.

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inathibitisha hilo bila kukusudia. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo Ifakara, na ina vipengele 19. Huuliza jina la mgonjwa, upande wa kupasuliwa, ridhaa yake, dawa zinazomdhuru. Mwishoni huhesabu sindano na vitambaa. Hakuna kipengele kinachouliza kama mgonjwa amefunikwa. Huenda ndivyo inavyopasa, kwa orodha iliyotungwa kuzuia vifo. Lakini maana yake ni kwamba sitara imeachiwa malezi ya kila aliyemo chumbani.

Faraja inayotolewa mara nyingi kwa mgonjwa mwenye wasiwasi ni maneno mawili: "Hutajua chochote." Inatolewa kwa wema, na nyuma yake pana fundisho la kale. Epicurus wa Ugiriki alifundisha kwamba kila jema na kila baya limo katika hisia, na kwamba kifo, kwa kuwa huondoa hisia, hakituhusu. Kwa kipimo hicho, aliyelala hana aibu ya kuona, na asiyeona aibu hajaaibishwa. Hoja inapendeza, ila inamtuliza mgonjwa kwa kumtajia kilekile anachokiogopa. Anajua vema kwamba hatajua. Ndiyo sababu hakupata usingizi usiku uliotangulia.

Mwanafalsafa Thomas Nagel, katika insha yake ya mwaka 1970 kuhusu kifo, alidokeza jibu: mtu anayesalitiwa kwa siri na rafiki zake amepatwa na baya hata asipogundua kamwe. Ubaya hauanzi siku ya habari. Habari huuma kwa sababu ubaya ulikuwapo tayari. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Vannes, Ufaransa, ilimhukumu daktari mpasuaji mstaafu kifungo cha miaka 20 kwa kuwadhalilisha kingono watu 299, wengi wao watoto wakati ule, wengine wakiwa kwenye nusukaputi au wanazinduka. Alikuwa akiandika kila kitu katika madaftari yake. Baadhi yao waliishi miaka mingi bila habari, hadi polisi walipowatafuta na kuwaeleza kilichoandikwa. Kama ubaya ungekuwa katika kujua, aliyewadhuru watu hao angekuwa askari aliyepeleka taarifa. Hakuna mwenye akili timamu anayekubali hitimisho hilo, na ikiwa halikubaliki, basi "hutajua chochote" si jibu.

Kutojua kwenyewe pia si kamili. Utafiti wa kitaifa uliotolewa Uingereza mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa mmoja hivi katika kila 19,000 huripoti kuwa na fahamu za namna fulani katikati ya upasuaji. Ni wachache sana. Tena ketamini, dawa ya usingizi inayotegemewa katika hospitali nyingi za Afrika zisizo na mashine kamili za gesi, huweza kumwacha mgonjwa na macho wazi yasiyoona, na wakati wa kuzinduka baadhi huota ndoto za ajabu au kuropoka. Hapo kinachokosa mlinzi ni ulimi. Jina la mtu, deni, ugomvi wa nyumbani vyaweza kutamkwa mbele ya watu ambao mgonjwa asingewaambia hata saa.

Aibu, kwa maelezo ya mwanafalsafa Jean-Paul Sartre katika kitabu chake cha 1943, huzuka mtu anapogundua kwamba anatazamwa. Mgonjwa wa nusukaputi anaivuruga picha hiyo: anatazamwa, wala hagundui. Aibu yake hukosa saa yake ya kawaida. Huja kabla, akiwa wodini na gauni la hospitali lililofungwa kwa kamba mgongoni. Au huja baadaye, anapokutana na bandeji mahali ambapo hakukumbuka kuguswa na kuanza kukisia mkono ulikuwa wa nani. Ndiyo maana ni vigumu kuipoza. Aliyeingiliwa bafuni anajua ameonwa na nani na kwa muda gani, kisha anasahau. Aliyepasuliwa hana tukio la kusahau. Ana nafasi tupu anayoijaza mwenyewe, na aghalabu huijaza na mabaya kuliko yaliyotokea.

Watumishi wa afya hujibu kwamba jicho la kazi si jicho la mtazamaji: aliyeona matumbo mia haoni tumbo la fulani. Wanasema kweli kwa sehemu kubwa, na wagonjwa wangefaidika wakiwaamini zaidi. Lakini jibu hilo limejengwa juu ya ugeni, na ugeni haupatikani kila mahali. Katika mji kama Kisarawe, muuguzi wa zamu anaweza kuwa aliyesoma na binti wa mgonjwa, jirani wa msikitini, au mke wa mwanawe. Mila za pwani zimeweka umbali wa heshima kati ya mtu na mkwewe, umbali unaohesabiwa hata katika kukaa na kula. Mzee anayelazwa mbele ya mkwewe hapotezi tu sitara mbele ya mtu mmoja; uhusiano mzima unapoteza umbo lake, na utaendelea kuishi bila umbo hilo baada ya nyuzi kutolewa. Kwa mtu wa namna hiyo, jicho la mgeni kabisa katika hospitali ya Dar es Salaam ni jepesi kuliko jicho la mwema anayemfahamu.

Faragha ya mwili, basi, haihesabiwi kwa idadi ya macho. Miongoni mwa Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akiwa mwali, akafundwa na kungwi; mvulana alipita jandoni mikononi mwa ngariba. Miili yao iliangaliwa, iliguswa, ilizungumziwa waziwazi kuliko hospitalini. Kilichoilinda ni kwamba kila aliyeiangalia alikuwa na nafasi inayojulikana na ruhusa iliyotoka kwa watu waliofahamika, na yaliyosemwa mle hayakutoka nje. Thieta ina nafasi zake pia: mpasuaji, msaidizi wake, muuguzi wa vyombo, mtaalamu wa usingizi. Tofauti ni kwamba mwali alimjua kungwi wake. Mgonjwa huwaona watu wenye barakoa na kofia, kisha analala.

Pwani ina fundisho lililokomaa kuhusu mwili ambao mwenyewe hawezi kuulinda, ila limehifadhiwa mahali ambapo wachache hufikiria kulitafuta: katika kuosha maiti. Kwa taratibu za Kiislamu zinazofuatwa na wengi huko, maiti huoshwa na wa jinsia yake, isipokuwa baina ya mume na mke au kwa mtoto mdogo. Sehemu ya kitovu hadi magoti hufunikwa muda wote. Muoshaji huzungushia mkono kitambaa ili asiguse tupu, na kasoro aliyoiona mwilini huzikwa nayo. Yote hayo yanafanyiwa mtu ambaye hatajua chochote. Jamii inayofanya hivyo kila kunapotokea msiba imeshaukataa msimamo wa Epicurus kwa vitendo: sitara ni haki ya mwenye mwili na deni la aliye karibu, awe anahisi au hahisi. Kulinganisha mgonjwa na maiti kunachukiza kidogo, na pengine ndiyo sababu somo hili halijavuka kutoka chumba kimoja hadi kingine. Lakini kama deni lipo kwa asiyeamka, ni zaidi kwa atakayeamka na kukutana na muuguzi wake sokoni. Sheria hiyohiyo ya dini haiwi kikwazo kwa tiba: dharura huhalalisha kilichokatazwa, ila kwa kiasi cha dharura tu. Goti likipasuliwa, kifua hakina sababu ya kubaki wazi muda wote.

Ridhaa ndiyo njia ambayo tiba ya kisasa imeichagua kuhamisha ulinzi huu. Mgonjwa hutia saini, na saini humwambia daktari kwamba mpaka amekabidhiwa yeye. Lakini fomu hutaja upasuaji, haitaji macho. Aliyekubali kutolewa uvimbe hajakubali, kwa kukubali huko, kuwa somo la wanafunzi. Marekani ilichelewa kulikiri hili: ilikuwa desturi katika baadhi ya hospitali zinazofundisha kwamba wanafunzi hujifunza kuchunguza via vya uzazi kwa wanawake waliolazwa kwa nusukaputi bila kuwauliza. California ilipiga marufuku mwaka 2003, na serikali kuu ilitoa mwongozo wa kudai ridhaa ya maandishi mwaka 2024. Waliotetea desturi hiyo walisema mwanamke hadhuriki na hajui. Ni maneno yaleyale mawili, mara hii yakiwa yamepoteza wema wake.

Kibaha, katika mkoa huohuo wa Pwani, inaleta upande mgumu zaidi wa ridhaa. Hospitali ya Tumbi, iliyokua ndani ya Shirika la Elimu Kibaha baada ya mradi wa nchi za Nordic kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970, iko kando ya barabara ya Morogoro, na kwa miaka mingi imepokea majeruhi wa ajali za barabara hiyo. Majeruhi aliyezimia hatii saini popote. Nguo hukatwa kwa mkasi, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu damu isiyoonekana huua. Yeye hakukabidhi mpaka wake kwa mtu, umeokotwa. Kiokotwacho kina mwenyewe, na aliyekiokota ana wajibu mzito kuliko aliyekabidhiwa kwa maneno, kwa kuwa hana maelekezo ya kujifichia. Simu iliyoinuliwa kumpiga picha pale barabarani au mlangoni pa hospitali haina hata udhuru wa tiba.

Sheria imefika sehemu ya njia. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya faragha na hifadhi ya nafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Lakini sheria ya taarifa humlinda mtu anayeweza kutambulika. Picha ya mwili usio na uso, inayozunguka katika simu za watu wasiomjua mwenyewe, inaweza kuteleza nje ya maneno yake, ilhali mwenye mwili amekosewa kama wale wa Ufaransa walivyokosewa kabla ya kuambiwa.

Kutaka timu nzima ya jinsia moja ni ombi halali, ila hospitali ya wilaya yenye mtaalamu mmoja wa usingizi kwa zamu haiwezi kuliahidi daima, na kuahidi kisichowezekana ni kumdanganya mtu anayekaribia kulala. Kuna yanayowezekana bila fedha: kumwambia kabla ni nani watakuwamo na watafunua nini, kutomwacha mtumishi mmoja peke yake na aliyelala, kumfunika kabla mlango haujafunguliwa. Akiamka na kuuliza ni nani walikuwamo, anastahili majina. Daftari la thieta huandikwa jina la mpasuaji. Wanafunzi waliosimama ukutani wanaweza kuandikwa humo pia.